Maziwa Yangu Hayakutoboa Tundu

Mama Zaina, mama ya bwana yangu, koko ya Salima mjukuu wako,

Nakusalimia, na ninawasalimia wote walioketi karibu nawe wakati barua hii inasomwa. Nimemwambia Hamisi, mwanao, aisome kwa sauti, uani, si ndani ya nyumba. Asinong'one. Maneno uliyosema juu yangu uliyasema pale bichi ya Lubunga, mitumbwi inapofika, mbele ya wauza samaki na wapiga kasia. Ulisema: "Ule bibi, maziwa yake iko meupe kwa macho tu. Ndani iko ndui." Watu wakanipisha njia kana kwamba nimebeba makaa mikononi. Bon, haya. Ulisema wazi, na mimi najibu wazi.

Ninachotaka nikiseme sasa hivi, mtu asichoke kusikiliza. Namtaka mtoto wangu. Sitaki kumtembelea. Sitaki kumwangalia kutoka mbali huku umenigeuzia mgongo. Namtaka kifuani mwangu, anyonye.

Lakini siwezi kukuandikia kama ninavyoweza kuandikia adui. Tangu usiku hadi asubuhi nimejaribu kukukasirikia kabisa, mpaka mwisho, na kila mara kuna kitu chako kinanizuia.

Unakumbuka Salima alipozaliwa? Mama yangu mzazi alikuwa amekufa, sikuwa na mtu. Ni wewe uliyevuka mto na sufuria yako kubwa kichwani, kama vile huku kwetu Kabondo nzima haina sufuria. Ulinikanda tumbo kwa maji ya moto mpaka nikapiga kelele majirani wakachungulia. Ukaniambia, "Lia, mwanangu. Maji haina huruma, lakini itakusaidia." Halafu ukawageukia waliochungulia: "Na nyinyi, munataka nanyi niwakande?" Wakakimbia. Nilicheka huku machozi yakinitoka.

Na maziwa yenyewe, Mama, nani alinifundisha? Chuchu zilipasuka, nikawa naogopa mtoto akiamka. Ulikaa nyuma yangu kitandani, ukapitisha mikono yako chini ya mikono yangu, ukashika kichwa cha Salima na titi langu kana kwamba vyote ni vyako. "Usimupe ncha kama unamupa pipi. Mutie yote kinywani. Mutoto hanyonyi ncha, ananyonya mama." Akashika. Maumivu yakaisha palepale. Ulibaki hapo nyuma yangu, kidevu chako begani kwangu, sisi wawili tukimsikiliza akimeza. Sijawahi kuwa na mama kwa namna ile tangu mama yangu aondoke.

Kwa hiyo usidhani nimesahau. Ninaandika kwa sababu nakumbuka.

Nakumbuka pia mpunga. Mwaka ule nilipoolewa, tulikaa kwako msimu mzima wa kupanda. Wakulima walikuja kwenye parseli yako, pale uani, kununua mbegu, hata wale wanaolima mbali kwa upande wa reli ya zamani, kwa sababu walisema mbegu ya Mama Zaina hailali, inaota yote. Akafika mfanyabiashara mmoja na magunia yake. Mpunga mzuri, unang'aa, umepepetwa, haukuwa na hata jiwe. Bei ya chini. Watu walishaanza kushika magunia.

Wewe ulichota konzi moja tu. Ukazipanga punje kwenye kitambaa chenye maji, ukakikunja, ukakiweka karibu na jiko, mahali penye joto kidogo. Ukamwambia arudi baadaye. Yule bwana alicheka: "Mama, unaulaza usingizi? Unataka nilete na mto?" Ukamjibu, "Leta na shuka."

Siku ulipokifungua, uani pamejaa watu. Kwenye kitambaa chote, punje chache tu zilikuwa zimetoa kamkia keupe. Zilizobaki zilikuwa vilevile, nzuri, zinang'aa, zimekufa. Labda zilikaushwa kwa moto mkali, labda zilikaa ghalani miaka, nani anajua. Yule bwana akapandisha sauti: "Lakini hesabu iko kamili! Pima gunia! Punje ni punje!" Na wewe, bila hata kusimama: "Mimi sihesabu punje. Mimi nahesabu zenye kuota. Zingine ni chakula ya kuku." Watu walicheka mpaka akapakia magunia yake mwenyewe. Nilikuwa bibi arusi mpya, nimejificha nyuma ya mlango, na nikajiambia: nimeolewa na mtoto wa mwanamke wa kweli.

Mama, kaa na hicho kitambaa kichwani mwako. Nitakirudia.

Halafu ikaja ndui hii ya makako, ya nyani, mpox. Ikanishika: kwanza homa, halafu kipele kimoja mkononi, halafu vingi, usoni, mgongoni, mahali ambapo sitasema mbele ya watu. Ulikuja siku ileile. Umejifunga kikwembe, kitenge chako, mdomoni, ukamkunja Salima katika nguo safi, hukunigusa, ukaenda naye Lubunga. Hapo ulifanya vizuri. Naisema hiyo nayo wazi, wote wasikie. Salima hakuugua hata siku moja, na ni kwa sababu ulikuwa na akili na mbio. Nilikusindikiza kwa macho hadi kwenye pembe ya barabara, toleka, baiskeli ya abiria, ikawabeba, na sikukulaumu.

Nikaingia kituo cha matibabu. Pale, Mama, vipele viliniuma, lakini kifua kiliniuma zaidi. Maziwa yalikuja kila Salima alipopaswa kunyonya, kama saa, ingawa yeye yuko ng'ambo ya mto. Shati lilikuwa limelowa muda wote. Wanawake wenzangu wa vitandani waliniambia nifanye kama wanavyofanya wote: nichukue kikwembe, nijifunge kifua kwa nguvu mpaka pumzi ikatike, nipake majani ya baridi, maziwa yaondoke yenyewe. "Funga, dada, utapasuka bure. Mutoto atazoea uji." Walinitakia mema.

Nikakataa.

Nilikamua. Asubuhi, mchana, jioni, kwenye kikombe cha plastiki. Kwa kuwa maziwa yale hayakuwa salama, walinipa Javel, dawa ya kuua vidudu, nitie ndani kabla ya kumwaga chooni. Hebu fikiria, Mama: kukamua chakula cha mtoto wako, kukitia Javel kwa mkono wako mwenyewe, kukisikia kinanuka kama sakafu ya hospitali, na kukimwaga. Na kesho tena. Vidole vyangu vilikuwa na vipele, kila nilipokamua niliung'ata ulimi wangu. Nesi mmoja alikuwa akinitania, "Mama Salima, hii kiwanda haifungi hata Noeli?" Nikamjibu kwamba mwenye kiwanda yuko safarini, akirudi atataka kukuta mashine zinafanya kazi. Kila nilipomwaga nilisema moyoni: Salima, hii haikuwa yako. Ile inayokuja ndiyo yako.

Magamba yakaanguka. Ngozi mpya ikatoka chini yake, laini. Wakaniruhusu kutoka. Ila kabla ya mimi kunyonyesha, mama mmoja wa labo ya vipimo, Madame Régine, alinieleza kwamba wanachunguza maziwa ya kina mama waliopona, ili kujua ugonjwa unakaa humo muda gani. Akaniomba kidogo. Nikampa kikombe kizima, nilikuwa nayo ya kutosha! Wakayapitisha kwenye mashine yao hapa Kisangani, na mashine ikasema: ndiyo, kirusi kimeonekana.

Hamisi akalisikia jibu na kukuambia kabla halijanifikia mimi. Sikumlaumu, wewe ni mama yake. Lakini mimi, mpumbavu wa furaha, nilishapanda mtumbwi kuja kumchukua mtoto. Na hapo bichi ukanipokea na yale maneno. Salima alikuwa mgongoni mwako. Aliniona. Alinyoosha mikono yote miwili juu ya bega lako, akatoa ile sauti yake ya kuniita ambayo haijawa neno bado. Ukageuka, ukaondoka. Nilirudi ng'ambo na mtumbwi uleule, mpiga kasia hakunidai hata nauli, alikaa mbali kabisa, kwenye ncha.

Nilikwenda moja kwa moja labo, mlango sikubisha.

"Madame, niambie neno moja. Mimi niko mgonjwa ao siko mgonjwa?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Mutoto wangu iko Lubunga."

Akaacha kazi yake, akasimama na yeye. Akanieleza hivi. Ile mashine haimwangalii kirusi mzima. Inatafuta kipande cha maandishi yake, ule uzi mdogo ambao kila kirusi hubeba ndani. Ikikipata, inakinakili mara nyingi mpaka kionekane. Ila mashine haiwezi kujua kama kile kipande kimetoka kwa kirusi aliye hai, ao kimebaki baada ya yeye kufa. "Ukichinja kuku," aliniambia, "manyoya hubaki uani siku nyingi. Mashine yangu inaona unyoya, inasema: hapa iko kuku."

Mama, nilisimama pale, na nikaona kitambaa chako. Nikamwambia, "Donc, kumbe mashine yenu inahesabu punje." Akaniuliza punje gani. Nikamweleza juu yako, na yule bwana, na mto na shuka. Alicheka sana. Akasema ndivyo, na kwamba kuna labo moja Kinshasa ambayo inaweza kujaribu kuvipanda hivyo virusi, kuona kama vinaota.

"Vinapandwa wapi? Kwenye udongo?"

"Hapana. Kirusi hakioti ila ndani ya kitu kilicho hai. Tunatumia seli. Chembe ndogo hai za mwili, tunazifuga kwenye sahani."

"Seli za mwili wa nani?"

"Zilitoka kwa figo ya makako, zamani sana. Tangu hapo zinalishwa, zinaongezeka."

Nilikaa chini, Mama. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kabondo nzima wananiita Mama Makako! Nikienda bombani watoto wanaimba, "Mama Makako anapita, ficha ndizi!" Na sasa makako mwenyewe ndiye atakayeitwa kutoa ushahidi. Nikamwambia Madame Régine, "Muite. Mimi namuamini kuliko majirani."

Yale maziwa yakatiwa katika kisanduku cha barafu kwenda Bangboka, kupanda ndege. Nani anabeba mizigo kule uwanjani? Mwanao. Tangu nitoke kituoni Hamisi alikuwa analala sebuleni, sahani yangu anaisukuma kwa mguu. Ila siku ile alinipigia simu: "Nimeiweka kivulini mpaka ndege ilipofunguliwa. Hakuna mutu aliyeikalia." Ni hayo tu aliyosema. Mimi nilisikia mengi.

Tukangoja. Na jibu la kwanza, Mama, unalijua, kwa sababu ulilitumia kunipiga. Madame Régine aliniita na uso wake haukuwa mzuri. Zile seli, aliniambia, zinaota zikiwa zimebanana chini ya sahani kama mkeka. Kirusi hai akianguka juu ya mkeka, anaingia seli moja, anaiua, anahamia ya jirani, na ya jirani yake. Juu wanamwaga kitu kizito kama ute wa bamia, ili asiweze kuogelea mbali, abaki anakula palepale alipoanguka. Baada ya siku kadhaa wanatia rangi ya zambarau. Seli hai zinashika rangi. Palipoliwa panabaki tundu jeupe. Kila tundu ni kirusi mmoja aliyeanguka pale akiwa hai. Unahesabu matundu, unajua ulikuwa na wangapi walio hai. Sio wangapi kwa jumla. Walio hai.

"Na yangu?"

"Yako haina matundu. Iko mbaya zaidi. Mukeka wote umebanduka. Maziwa yenyewe, mafuta yake, yalikuwa mazito sana kwa zile seli. Zimekufa zote, na si kwa sababu ya kirusi. Hatuwezi kusema ndiyo. Hatuwezi kusema hapana. Turudie."

Hamisi akavuka kuja kukueleza. Akarudi na maneno yako: "Kama hata seli za makako zimekufa na ile maziwa, mujukuu wangu je?"

Siku ile, Mama, nilisikia watu wote wa Lubunga wakitikisa vichwa. Hamisi alikaa mlangoni, akasema polepole, "Labda tuache. Salima azoee uji." Nikamtazama. "Zoea uji wewe." Nikachukua kikombe, nikaenda kukamua.

Leo ninalo jibu, lisikilize vizuri. Mbegu ukiimwagia maji ya chumvi, haioti. Je, utasema mbegu ilikuwa na ugonjwa? Utasema chumvi ilikuwa nyingi. Zile seli ziko uchi juu ya sahani, hazina ngozi, hazina mate, hazijui kitu kinachoitwa maziwa. Salima ana tumbo lililoumbwa kwa ajili ya maziwa hayo. Alinyonya miezi, akanenepa, wewe mwenyewe ukalalamika kwamba mgongo wako unavunjika. Makako akikataa supu yako, Mama, utaitupa sufuria?

Mara ya pili walifanya kwa akili. Waliyatoa mafuta kwanza. Halafu wakayapunguza: sehemu moja ya maziwa, tisa za maji yao, na kutoka hayo, moja tena kwa tisa, na tena. Kila kipimo na sahani yake. Na wakafanya jambo jingine ambalo nataka ulisikie hasa, kwa sababu ninajua utauliza: labda sahani ni kipofu, labda maziwa yanawaficha virusi. Walichukua sehemu ya maziwa yangu, wakatia ndani virusi hai kwa makusudi, wakajua wametia kiasi gani. Kama maziwa yangekuwa yanaficha, ingeonekana hapo.

Madame Régine alinionyesha foto kwenye simu yake. Nilimwomba anitumie, na Hamisi anazo, atakuonyesha akimaliza kusoma. Angalia ya kwanza. Ile ni kipele changu, walichokifuta na pamba siku nilipoingia kituoni. Mkeka umetobolewa kama kikwembe kilicholiwa na mende, mpaka kwenye sahani iliyopunguzwa zaidi ndipo unaweza kuhesabu tundu moja moja. Huyo alikuwa hai, Mama. Huyo ndiye uliyemkimbia na mjukuu wako, na ulikuwa na haki. Angalia ya tatu: maziwa yangu waliyoyatia virusi. Matundu yametoka, kama walivyotazamia. Donc maziwa hayakuficha.

Sasa rudi kwenye ya katikati. Hayo ni maziwa yangu peke yake. Zambarau tupu. Kutoka ukingo hadi ukingo. Mkeka mzima, hakuna hata tundu moja. Niliuvuta ule mwanga wa simu karibu na uso wangu, nikatafuta. Nilitafuta kama mtu anayetafuta chawa kwa kichwa cha mtoto. Sikupata.

Nilimwambia Madame Régine, "Donc ni sifuri." Akatikisa kichwa. "Siwezi kuapa sifuri. Nasema: kama kipo, ni kichache kuliko kile sahani inaweza kuona. Nitataka maziwa mengine, ya wiki nyingine." Nilimpenda kwa neno hilo. Mtu anayetaka kunidanganya angesema sifuri, akaenda kula. Nikampa mengine. Nayo hayakutoboa kitu. Daktari wa kituo akaitazama ngozi yangu, mbele na nyuma, akasoma majibu yote, akaniambia: nyonyesha.

Na sikufichi kitu, Mama, kwa sababu wewe na mimi hatufichani. Ile mashine ya kwanza, hata wiki hii, bado inasema ndiyo. Kwa sauti ndogo zaidi, lakini bado. Manyoya yako uani. Iache iseme. Mtu akija kukuambia, "Mama Zaina, wale bado wanaona kitu kwa maziwa ya yule," mjibu kwamba mkamwana wako alishakuambia mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu.

Nilikuambia nitakirudia kitambaa, nimefika. Mama, mwaka huu wewe ndiye yule mfanyabiashara. Umeshika gunia, unapiga kelele, "Punje ni punje!" Na mimi ndiye ninayekaa karibu na jiko na kusubiri kuona kinachoota. Ulinifundisha vizuri mno. Sitaki kuacha ulichonifundisha kwa sababu tu leo kinakupinga.

Najua hofu yako inatoka wapi. Hamisi aliniambia juu ya dada yake aliyechukuliwa na surua kabla yeye hajazaliwa. Wewe hukuniambia kamwe, na sikukuuliza, lakini nimekuona unavyoweka mkono kwenye paji la Salima kila anapopiga chafya, kabla hata hajaimaliza. Sitacheka hofu hiyo. Kama ungeniambia, "Mwanangu, naogopa," ningevuka mto nikae nawe, tuogope pamoja. Hukuniambia unaogopa. Uliwaambia wauza samaki kwamba mimi ni sumu.

Hilo nalikataa. Nalikataa bichi, nalikataa bombani, nalikataa uani kwako. Mimi sio sumu. Niliugua, nikapona. Ngozi yangu ina alama, na nitavaa blauzi ya mikono mifupi nikitaka. Watoto wa bombani wakiimba, naimba nao, sauti yangu ni kubwa kuliko yao, sasa wanaona haya. Hamisi amerudi kitandani. Sahani yangu anaishika kwa mkono. Jana alinishika mkono barabarani mbele ya wale waliokuwa wananipisha njia, akawasalimia mmoja mmoja kwa majina yao, kusudi.

Naona mambo mazuri mbele, Mama. Namwona Salima akitembea kati yako na mimi, mkono mmoja kwako, mwingine kwangu. Nawaona wanawake wengine watakaotoka kituoni baada yangu. Na Madame Régine anasema maziwa yangu yatasaidia kujua la kuwaambia. Labda wao hawatamwaga muda mrefu kama mimi. Labda mama wakwe zao watauliza swali zuri kwanza: si "mashine imeona nini?" bali "kinaota?"

Nakuja Jumapili, na mtumbwi wa kwanza. Siji na polisi wala chefu wa kata. Siombi ruhusa pia. Nitapita bichi katikati ya watu, polepole, waniangalie wanavyotaka. Nikikuta mlango umefungwa, nitakaa nje na kuimba ule wimbo wa kumlaza, na wewe utakuwa na kazi ya kumweleza yeye, sio mimi, kwa nini mlango haufunguki. Nikikuta umefunguliwa, nitanawa mikono mbele yako mara zozote utakazotaka. Kaa nyuma yangu kama siku ile. Weka kidevu chako begani kwangu, uangalie kwa karibu. Huenda amesahau kushika. Utatuonyesha tena sote wawili.

Baki na amani, Mama. Nakupenda na sikuogopi. Ombi langu ni moja tu, na hilo naliomba kwa heshima yote: asubuhi ya Jumapili usimpe Salima uji. Mwache aje kwangu na njaa.

Ni mimi, mke wa mwanao,
mama ya Salima